Mtoto Anyamazapo Tumboni

Penye msiba wa mtoto aliyezaliwa mfu husemwa mara nyingi ya kuwa ni mapenzi ya Mungu. Twajua husemwa kwa kufariji. Walakini yatupasa kuuliza: je, neno lifarijilo baada ya kifo, pengine si udhuru wa uvivu wetu kabla ya kifo?

Maana mtoto aliye tumboni hana sauti, ila ana mwendo. Mama huanza kumsikia akicheza kati ya juma la 16 na la 24 la mimba. Na juma la 28 lifikapo amekwisha kujua desturi yake, saa za kucheza na saa za kulala. Wako wasemao ya kuwa mtoto hupunguza kucheza siku za kuzaliwa zikaribiapo. Si kweli, yapasa asikiwe hata wakati wa uchungu. Akipunguza, huenda hapati vema chakula na hewa kwa njia ya kondo la nyuma, naye anaziweka akiba nguvu zake. Basi mama asingoje kesho. Aende kwa mkunga siku ile ile, moyo wa mtoto usikilizwe.

Je, kuangalia hivi ni kukosa imani? La. Elisabeti alitambua jinsi mtoto wake alivyoruka tumboni, akalisema waziwazi. Na mkulima wa Ufipa huomba mvua, kisha huulinda ulezi wake usiliwe na ndege. Kulinda si kumshuku Mungu aliyeuotesha.

Lakini mzigo huu si wa mama peke yake. Yeye huangalia, sisi yatupasa kusikia. Mwanamke wa bonde la Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, akisema usiku wa masika, "Mtoto hachezi," njia ya kupanda mpaka Sumbawanga ni ndefu, na nauli haimo mkononi mwake. Mume akijibu, "Ngoja tumalize palizi," na mama mkwe akisema, "Sisi tulizaa bila hayo," ni nani basi aliyelala zamu? Fedha ya safari iwekwe mapema, na mwenye pikipiki ajulikane mapema.

Tena tujihadhari na kosa la pili. Uchunguzi wa Uingereza na Ireland uliotangazwa mwaka 2018, katika mimba zaidi ya 400,000, haukuthibitisha ya kuwa mafundisho haya na matunzo yaliyofuatana nayo yalipunguza vifo. Kuangalia hufungua mlango, hakumwokoi kila mtoto. Kwa hiyo asiwepo amwulizaye mama aliyefiwa, "Ulikuwa wapi usitambue?" Huko ni kumtwika jiwe juu ya kilio.

Basi neno la mapenzi ya Mungu na liwe la mwisho, lisiwe la kwanza. Nanyi walimu, mwingiapo nyumba yenye mja mzito, ulizeni: "Mtoto acheza?" Na mkijibiwa la, msiketi kusali, salini njiani.