Mlango Ukikwama, Usikimbilie Randa

Wanangu mliorithi nyumba za mawe Kilwa Kivinje, na nyie wa Lindi mjini mlioachiwa nyumba zenye duka mbele na ua nyuma, haya nayasema kabla mvua hazijashika. Zikishika mtanitafuta mimi na fundi siku moja, na wote wawili hatutakuwa na la kuwafaa.

Kila msimu wa mvua naisikia randa mtaani. Kijana amefika kutoka Dar, amekuta mlango wa babu yake haufungi, akaazima randa kwa jirani na sasa anaupunguza upande wa juu. Maranda mekundu yanamwagika barazani. Jioni mlango unafunga, na watu wanamsifu kwamba kijana ana mkono. Ngoja Julai ifike. Kusi linavuma, hewa inakauka, mbao iliyovimba kwa unyevu inanywea na kurudi mwili wake wa kawaida, na hapo kati ya ubao na kizingiti pana mwanya wa kupitisha paka. Randa ikishakula haitapiki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mlango unakwama lini? Ukikwama wakati wa mvua na kulegea wakati wa kipupwe, hauna ugonjwa. Sugua kipande cha sabuni ya mche au mshumaa penye ukingo unaogusa, uuache. Ukikwama mwaka mzima, ondoa macho kwenye mlango wenyewe, utazame vinavyoushika.

Milango mingi ya zamani ya pwani hii haina bawaba. Kila ubao una ulimi wa mbao juu na mwingine chini, na ndimi hizo zinazunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye kizingiti cha juu na cha chini. Ulimi wa chini ndio unaobeba uzito wote. Ukizunguka miaka sabini, themanini, juu ya mchanga unaoingia na viatu vya watu, unalika. Ubao unashuka kidogo kidogo hadi unaburuza sakafu, na mfaa wa katikati hausimami tena wima. Mwenye nyumba anaona mlango umekuwa mkubwa, kumbe umeshuka tu. Dawa yake ni ndogo. Watu wawili wenye nguvu wanaunyanyua, fundi anasafisha tundu, anatia chini yake kipande cha shaba au cha mkongo mgumu, mlango unapanda ulikokuwa. Ulimi ukiwa umekwisha kabisa, anaunga mwingine. Lakini vijana wanapenda njia ya mkato, wananunua bawaba za chuma dukani na kuzikaza kwenye mwimo wa zamani. Mlango ule ni mzito, na skurubu hazina pa kushika katika mbao kongwe. Kabla mwaka haujaisha mwimo umepasuka, nao ndio ulikuwa mzima.

Sasa njooni kwenye mguu wa mwimo, pale unapokutana na sakafu. Hapa ndipo nyumba zetu zinapofia.

Juzi juzi nimeitwa kuangalia mlango mmoja hapa hapa Kivinje. Kwa mbali ulipendeza: rangi ya mafuta ya kahawia, mbichi kabisa, misumari ya shaba imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikainama, nikagonga mwimo kwa mpini wa kisu kuanzia juu kushuka chini. Juu ulilia mlio mkavu wa mbao nzima. Usawa wa goti mlio ukabadilika, ukawa wa debe tupu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikaingia ndani, na kidole nacho kikaingia mpaka kwenye fundo. Nyuma ya rangi hapakuwa na mbao, palikuwa na udongo wa mchwa uliokaa umbo la mwimo. Waliokuwa wanaushikilia mlango ule ni mchwa na kopo la rangi.

Mchwa wa ardhini hawashuki kutoka mbinguni. Wanapanda kutoka kwenye udongo wenye unyevu, wakijenga vile vijia vyao vya matope kwa sababu hawapendi mwanga wala hewa kavu. Ukiona kijia juu ya ukuta karibu na mlango, usikifagie tu na kuendelea na shughuli zako. Kivunje, ukifuate kinakotoka, na mara nyingi utakuta maji: bomba linalovuja, mfereji wa bafu unaomwaga nyuma ya ukuta, au bati ambalo tone lake linapiga chini palepale kila mvua. Kata maji kwanza. Ukimwaga sumu huku maji yanaendelea, utamwaga tena mwakani, na mwaka unaofuata.

Halafu kata sehemu iliyooza ya mwimo mpaka ufike kwenye mbao inayolia vizuri, uunge kipande kipya kwa kukata mshazari ili mbao mbili zilaliane. Tumia mkongo au mninga, na chagua kiini, ile mbao ya rangi iliyokolea. Ile nyeupe ya pembeni mwa gogo ni chakula cha mchwa. Misitu ya kuvuna kwa utaratibu ipo wilayani kwetu. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu mwaka 2009, kwa hiyo hamna haja ya kununua gogo la wizi usiku. Na oili chafu ya gari msinipakie kwenye mlango. Inanuka, inashika vumbi, na mtoto akiegemea analala nayo.

Nimeona pia wanaokuja na saruji. Mguu wa mwimo umeoza, wanauzungushia zege, wanapiga lipu ya saruji ukuta mzima, wanapaka rangi. Nyumba inapendeza kwa misimu miwili. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni mwa ukuta, na chokaa inauruhusu upite. Saruji ni ngumu, inauzuia. Ukizuiwa usoni unatafuta pengine pa kutokea, na mahali palipo laini ni kwenye mbao iliyopachikwa ndani ya ukuta. Unafika huko na chumvi yake, misumari ya chuma inashika kutu, inavimba, inapasua mwimo kutoka ndani. Watu wanasema mbao za zamani hazidumu tena, na hakuna anayeuliza kilichobadilika ukutani. Palipoliwa pazibwe kwa chokaa na mchanga, taratibu, tabaka kwa tabaka. Inachelewa kukauka, lakini aliyejenga nyumba hiyo hakuwa na haraka kama yenu.

Nendeni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mkatazame. Miimo ya matumbawe yaliyochongwa imesimama kwa karne nyingi, na milango ya mbao iliyokaa ndani yake imekwisha. Urithi ule uliandikwa na UNESCO mwaka 1981, ukaingia katika orodha ya ulio hatarini mwaka 2004, ukatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuuimarisha. Hata kwa mawe, kwa hiyo, ilihitajika kazi ya miaka. Mbao inataka zaidi.

Lindi mjini kuna balaa jingine. Mtu amenunua gari au bajaji, hana pa kuilaza, anatazama mlango wa duka la zamani na kuona kwamba ukiongezwa upana kidogo gari litaingia. Anang'oa mwimo, anakata ukuta, anainua kizingiti cha juu au anakitoa kabisa ili aweke geti la chuma. Kizingiti kile kilibeba ukuta wa juu yake, na kwenye nyumba ya ghorofa kilibeba na boriti za dari. Nyufa zitaanza kwenye pembe mbili za juu za tundu na kupanda kwa mshazari. Ukiziona, hamisha wanaolala juu usiku huohuo, kisha ndipo umtafute mhandisi. Mnalijua Jumba la Ajabu la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash. Lilikuwa kwenye ukarabati, na mafundi wakiwemo, sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Jumba la sultani. Nyumba ya babu yako haina heshima kubwa kuliko lile mbele ya mvua. Gari lilale uani chini ya kibanda cha makuti, bajaji ipite uchochoroni.

Na hayo mageti ya chuma mliyonayo tayari, yana uzee wake. Upepo wa bahari unayala kuanzia chini, ndani ya yale mabomba ya mraba ambayo maji yanaingia na hayatoki. Toboa matundu madogo upande wa chini maji yatoke. Kutu uikwangue mpaka chuma king'ae ndipo upake rangi ya kuzuia kutu, la sivyo utakuwa umeifunika inaendelea kula. Geti la kusukuma linalopita kwenye reli lisafishiwe mchanga, magurudumu yatiwe grisi, na kila mwisho wa reli pawe na kizuizi kilichochomelewa imara. Hili la kizuizi silifanyii mzaha. Geti lililotoka kwenye reli huanguka lote kwa mpigo, na wanaocheza karibu na geti ni watoto. Mlango wa chuma wa duka, ule unaojikunja juu, msiufungue wenyewe ukikwama. Springi yake imekazwa kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mwiteni anayeijua.

Kuna mlango ambao hauuawi na mchwa wala kutu, bali na mnunuzi. Zamani kutoka huku hadi Dar kulikuwa na kivuko cha Rufiji, na lori lililokwama ng'ambo liliweza kungoja siku. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, safari ni nyepesi kwa kila mtu, akiwemo anayekuja na tabasamu na kusema mlango wako umeoza, atakusaidia kuuondoa, na atakupa na wa kisasa juu. Mwambieni asubiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940, na inataka kibali kabla haijauzwa au kupelekwa nje. Muombeni akioneshe hicho kibali. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Lakini nisimsingizie mnunuzi kila kitu. Milango mingi hapa inakufa kwa mirathi. Warithi kumi na mmoja, watatu Dar, wawili Maskati, mmoja hajulikani aliko, na kila mmoja anangoja mwenzake atume hela ya fundi kwa sababu akituma yeye ataonekana anaitaka nyumba. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, ndugu wa Dar walipiga simu kuuliza habari za mafuriko. Wa kuuliza habari za paa hakuwepo, na maji ya paa yamekuwa yakiingia kwenye miimo tangu siku hiyo.

Fanyeni hivi. Aliye karibu achukue kisu, agonge miimo yote, apige picha panapolia tupu, azitume kwenye kundi la familia pamoja na bei ya fundi. Mgawane sawa, na risiti ziwekwe. Kesi ya nani anamiliki nini iendelee mahakamani mnavyotaka, lakini iendelee huku nyumba inafungika. Na mniletee picha hizo kabla ya Novemba, kwa sababu mafundi wa milango hii hapa Kivinje wamebaki wachache, na wengi wao wameshikwa na kazi za majahazi.