Amka, Ule Kwanza



Nilisoma biashara chuoni, na bado biashara yangu ya kuku ilianguka. Mwaka jana ugonjwa uliingia bandani, na kwa wiki moja vifaranga 300 wakaisha. Mkopo wa chama ukabaki. Nilizima simu. Nilihubiri Jumapili, Jumatatu nikashindwa kutoka kitandani.

Hapo ndipo nilimwelewa Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda pale Karmeli, lakini tishio la Yezebeli linamkimbiza hadi jangwani. Anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hamkemei. Anamtuma malaika na mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula, ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu. Kazi mpya anapewa huko.

Mpendwa, sisi hungoja moyo urudi ndio tuamke. Eliya alifika Horebu akiwa bado analalamika, lakini alikuwa amefika!

Mimi nilianza kwa kuwasha simu. Nilimpigia mama mweka hazina wa chama, nikamwambia ukweli. Akasema, "Pasta, leta hata mia mbili kila wiki." Niliona aibu, lakini nilipeleka. Deni bado sijamaliza. Ila siku hizi simu ikilia, naishika.

Wiki hii usiombe nguvu za siku 40. Omba za leo. Kula, lala, kisha uwashe simu. Amina?