Amana ya Kiumbe Asiyesema

Je, mtu ana lawama gani kwa dhara ambalo hakulijua? Swali hili ni la kale, na aghalabu huulizwa juu ya mambo makubwa, kama vile vita, hukumu na utawala. Mimi nataka kuliuliza juu ya jambo dogo sana: mjusi aliyekonda.

Wengi wetu twamjua mjusi kafiri, atembeaye juu ya dari usiku akiwinda wadudu karibu na taa. Huyo ni mpangaji wa hiari. Ashibe asishibe, hatuulizwi. Lakini katika Ulaya na Marekani wako ndugu zake wafugwao ndani ya masanduku ya kioo. Mmoja apendwaye sana ni yule mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistani, Pakistani na sehemu za jirani. Akikomaa, aghalabu huwa na uzito wa gramu 45 hadi 80, naye aweza kuishi miaka 15 au zaidi akitunzwa vema. Mkia wake ni mnene, maana ndio ghala lake: humo huweka mafuta ya kumfaa siku za njaa.

Sasa fikiri kwamba mfugaji mmoja auona mkia huo wapungua. Chakula ni kile kile na sanduku ni lile lile. Mfugaji husema, "Anakonda, wala sababu haijulikani," kisha huenda kulala. Je, amesema kweli?

Maneno hayo yana maana mbili. Ya kwanza ni kwamba sababu imetafutwa isionekane. Ya pili ni kwamba haikutafutwa. Ya kwanza ni upungufu wa elimu, nao hauna aibu. Ya pili ni upungufu wa moyo, nao hujificha nyuma ya ule wa kwanza ili usitambuliwe.

Sababu ni nyingi, na baadhi yake hazitaki elimu kubwa, ila macho. Mwili wa mjusi haujitengenezei joto la kutosha. Hulipata kutoka nje, kwa hewa na kwa jiwe alilalialo. Asipopata mahali penye joto la kiasi cha nyuzi 32 za Selsiasi, tumbo lake halisagi chakula sawasawa, naye aweza kukonda hali anakula. Pengine amemeza mchanga ukamziba matumbo. Pengine anakaa na mwenziwe mwenye nguvu, amnyang'anyaye chakula na mahali pa joto. Pengine ana minyoo, ambayo daktari wa wanyama huitafuta katika kinyesi kwa hadubini. Pengine hana ugonjwa wowote: jike akitaga mayai hupungua, na aliyeuachilia mkia wake kwa hofu hupoteza ghala lake lote mara moja.

Ni ipi basi? Hapa hutokea kosa la pili, nalo ni kubahatisha. Mwenye huruma ya haraka humlazimisha mgonjwa kula, au humpa dawa ya minyoo hali hana minyoo, akadhani ametenda wema kwa sababu tu ametenda jambo. Mwenye kutimiza wajibu hufanya mambo madogo yasiyosifiwa. Humpima kwa mizani kila juma. Huandika uzito daftarini, na alichokula, na alichobakiza. Hupima joto kwa kipimajoto wala si kwa kiganja. Kisha humpelekea daktari mjusi pamoja na daftari. Viumbe wa porini huficha udhaifu wao wasije wakaliwa, na mjusi wa sandukuni hakuiacha desturi hiyo. Daftari lile ndilo ulimi wake.

Mtu aweza kupinga: "Huyu ni mjusi tu. Kwa nini tumsumbukie, hali wako watoto wasio na daktari?" Pingamizi hili si la kupuuzwa. Mtoto ni mbele, sina shaka. Lakini haki ya mjusi huyu haikutokana na ukubwa wake. Imetokana na kitendo chetu. Mjusi wa porini akiona baridi huhamia jiwe jingine. Wa sandukuni hana jiwe ila tulilompa. Tumemwondolea uwezo wa kujitafutia, basi tumejitwika deni la kumtafutia. Asiyetaka deni hilo ana ruhusa ya kutofuga.

Lakini je, tukitafuta tukashindwa? Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kishambuliacho tumbo na matumbo ya mjusi hata mkia ukawa kama kijiti. Hakuna dawa ya hakika ya kukimaliza, nacho huambukiza wenziwe kwa kinyesi. Hapo wajibu hugeuka sura: kumtenga mgonjwa, kuwalinda wazima, na pengine kukubali shauri la daktari la kumaliza maisha yake bila maumivu. Kumwacha afe polepole, ili sisi tusiwe na neno la kujibu, si huruma. Mjusi wa aliyetafuta aweza kufa, na wa asiyetafuta aweza kufa vilevile. Lakini wafugaji hao wawili hawako sawa.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili limenihukumu. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma alikuwa akififia, kwa mwili na kwa masomo. Wenzangu waliponiuliza, nilijibu kwamba sababu haijulikani. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemwuliza. Nilipomwuliza, jibu lilikuwa fupi: alikuwa akija shuleni bila kula.

Basi, msomaji, siku utakapokabidhiwa kiumbe asiyeweza kujisemea, mkubwa au mdogo, usiseme "haijulikani" kabla hujatazama.