WAONA NINI, MWANANGU?
Somo: Marko 8:22–26

Juma hili twende Bethsaida, ambako kipofu aliletwa kwa Bwana. Tumezoea kuikimbilia mwisho habari hii, pale mtu yule anapoona vizuri. Leo tusimame katikati. Baada ya kumwekea mikono mara ya kwanza, Yesu alimwuliza kama anaona kitu. Naye hakudanganya: watu aliwaona, lakini kwake walikuwa kama miti inayotembea.

Hapa Mangateen tunaye mtu wa namna hiyo, naye ana miaka saba. Katika darasa letu la Jumapili alikaa nyuma, na badala ya kunakili ubaoni alichungulia daftari la mwenzake. Tulimwita mvivu. Siku moja tulimsimamisha mbele ya wenzake. Wengine kati yetu tukanong'ona kuwa ni laana ya ukoo, kama wanafunzi wale wa Yohana 9 waliotaka kujua nani ametenda dhambi. Tangu wengi wetu tulipoletwa hapa mwaka 2018 kutoka UN House, tumejua kuwapima watoto uzito na malaria. Macho tuliyasahau. Hakuna aliyemwuliza swali la Bwana: waona nini?

Aliyeuliza ni mpimaji wa macho mjini. Mtoto aliwekwa mita sita kutoka kwenye chati ya herufi E zilizogeuzwa pande zote. Hapo huhitaji kujua kusoma; waonyesha kwa mkono tu miguu ya E imeelekea wapi. Alifunikwa jicho moja, kisha la pili. Mistari ya juu aliionyesha. Ya chini alinyamaza, akamtazama mama yake kama anayengoja kufokewa. Mama anasema hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Kisha akavalishwa fremu nzito ya kupimia, lenzi zikabadilishwa moja moja: hii, au ile? Mwanzoni kila lenzi aliiita "nzuri", maana sisi tulimfundisha kuogopa kukosea. Mpimaji alirudia kwa upole. Hata Bwana aliweka mikono mara ya pili, wala hakumkemea mtu yule kwa kutoona vizuri mara ya kwanza.

Si laana, ndugu. Jicho lake ni refu kidogo kuliko kawaida, hivyo picha ya kitu cha mbali hutua kabla ya kufika nyuma ya jicho. Lenzi huisogeza mahali pake. Na wanaosema miwani hudhoofisha macho ya watoto, tunawasihi waache, si kweli.

Siku alipopewa miwani yake alisimama chini ya mwarobaini muda mrefu. Hakujua kwamba majani huonekana moja moja kutoka chini.

Sisi walimu wa darasa tulimwomba radhi mbele ya wenzake walewale. Haikuwa rahisi. Tena tumewakataza wenzake kumcheka, ingawa jina la "daktari" walilompa, yeye mwenyewe analipenda.

Mzazi, kama mtoto wako hukunja macho kutazama mbali, au huinamia daftari hadi pua iguse karatasi, mlete kwetu baada ya ibada. Tunajua nauli ni shida. Sadaka ya Jumapili ijayo itakuwa ya safari hiyo, na mmoja wetu atafuatana nanyi.