Washa Tochi, Acha Visingizio

Wewe kijana wa Ruiru, unangoja nini?

Kila asubuhi unapanda matatu ya 237, unapita Juja, unashuka Thika. Unawaona mafundi wa jua kali wakigonga vyuma, na moyoni unasema: hata mimi naweza. Jioni unarudi mikono mitupu. Mwezi unakwisha. Mwaka unakwisha.

Unaweza? Basi onyesha!

Unataka kutengeneza kisu cha kukunja, cha kutia mfukoni. Vizuri. Lakini ndoto haikati kitunguu.

Usiniambie huna karakana. Usiniambie huna mtaji. Una tupa? Una msasa? Unaweza kuazima tochi ya gesi? Shaba ya kufuli mbovu iko kwa wauza vyuma vikuukuu, na springi ya lori iliyokatika itakupa ubapa. Anayekosekana hapo ni wewe.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilipochunguza ajira nchini Kenya, liliwataja watu waliojitafutia riziki nje ya viwanda na ofisi, kazi yao ikaitwa sekta isiyo rasmi. Hawakuwa wakingoja ripoti.

Walikuwa kazini tayari.

Anza na pale wengi wanapokata tamaa: kulehemu kipande cha shaba kwenye bamba la ubavu, kichwani mwa mpini. Inakataa kushika? Inajiviringa vitone? Usiilaumu lehemu! Ile ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Nyuzi 183 tu! Tochi yako inapita hapo bila kutoa jasho. Shida ni uchafu. Hata mguso wa kidole chako huacha mafuta.

Safisha. Piga msasa hadi shaba ing'ae, paka dawa ya kulehemu, bana vipande viwili barabara. Kisha pasha moto shaba, si lehemu. Narudia: pasha shaba! Ikishapata joto, gusa ukingo kwa lehemu uone inavyokimbilia mwanyani yenyewe.

Ubapa uliokwisha kutiwa ugumu uweke mbali na moto, maana joto kali hulegeza chuma. Huo na springi yake utavifunga baadaye kwa ribiti. Halafu osha kazi yako kwa maji moto na magadi, la sivyo asidi ya dawa itakuletea kutu. Na unawe mikono kabla ya ugali. Risasi ni sumu.

Kipande kimekaa upande? Pasha tena. Lehemu itayeyuka, utakisogeza, utaanza upya. Kazi gani nyingine inakusamehe hivyo?

Jumamosi hii nunua lehemu. Si ijayo. Hii! Kisu cha kwanza kikigoma kufunguka, kitie tupa. Kikigoma tena, tupa tena. Kwani ulikuwa na shughuli gani nyingine hadi jioni?