Je, Ajali Haina Kinga?

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga wala kafara. Msemo huu humliwaza aliyefikwa na msiba, nao ni mwema kwa kazi hiyo. Lakini unapotamkwa kiwandani, mbele ya mtu aliyekatwa vidole na mashine, yatupasa tuuchunguze kabla ya kuuitikia. Radi hushuka bila ya kutumwa na mtu. Mashine imetengenezwa na mtu, na mtu aweza kuiwekea kinga.

Tazama, msomaji, mashine ya kusaga unga iliyo karibu na kwenu. Injini huzungusha gurudumu, gurudumu huvuta mkanda, na mkanda hugeuza kinu. Pale mkanda unapolipanda gurudumu, kila kiguswacho huvutwa ndani: ncha ya leso, mkono wa shati, kidole. Wavu wa chuma uliofungwa imara mahali hapo hukinga hayo yote, wala hauzuii unga kusagika.

Mbona basi kinga hukosekana? Wenye mashine wengine hujibu kwamba mfanyakazi akiwa mwangalifu hatadhurika. Jibu hili ni nusu ya kweli. Uangalifu ni wajibu, lakini hakuna binadamu awezaye kuwa macho kila nukta ya siku. Uchovu, njaa, joto, hata kuitwa jina kwa ghafula, huiba fikira. Na mashine haingoji fikira irudi. Kinga huwekwa kwa ajili ya nukta hiyo moja.

Pima sasa makosa ya pande mbili kwa mizani ya haki. Mfanyakazi hukosea kwa kufumba na kufumbua. Mwenye mashine asiyeweka kinga hukosea jana, leo na kesho, hali ameketi na ana nafasi ya kutafakari. Kosa la nani lina uzito zaidi?

Uingereza ilijifunza somo hili kwa viungo vya watu wake. Sheria ya mwaka 1844 iliamuru mitambo ya hatari katika viwanda vya nguo izungushiwe kinga. Mwaka 1955 mahakama iliyokuwa ya juu kabisa nchini humo iliamua kesi ya mfanyakazi aliyeumia kidole gumba kwenye gurudumu la kunolea vyuma. Mwajiri alidai kwamba gurudumu likikingwa lote halitafaa kwa kazi. Majaji walisema kwamba udhuru huo hauondoi wajibu wa kukinga.

Kenya ilitunga sheria ya viwanda mwaka 1950, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hii humfunga mwajiri, nayo humkataza mfanyakazi kuharibu kwa makusudi kilichowekwa kwa usalama. Haki hiyo ni sawa. Kijana afunguaye wavu ili amalize kazi upesi amekosa. Lakini msimamizi amwonaye akanyamaza, kwa kuwa kazi inasonga, ni mshirika wake.

Kesho huenda wewe ukawa fundi, msimamizi, au mwenye kiwanda. Utakapopita penye gurudumu lililo wazi, usipite kimya. Duniani zipo ajali zisizo na kinga, na kwa hizo tuombeane subira. Ile ambayo kinga yake ilijulikana ikaachwa, tusiisingizie majaliwa.