Dini Humtengeneza Mtu, au Hukusanya Walio Sawa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, jioni moja baada ya darsa, watu walipokwisha kutawanyika, kijana mmoja alibaki nyuma akanishika mkono. Akaniuliza, "Sheikh, dini ndiyo imfanyayo mtu kuwa mwema? Au watu wema huipenda dini kwa tabia yao tu, wakakutana msikitini kama wapenda mpira wanavyokutana uwanjani?"

Nilikaribia kumkemea. Lakini nilijua alikotoka. Babake alifariki akaacha watoto wadogo na shamba la minazi, na mali ile ikawekwa mikononi mwa ami yao, mtu asiyekosekana safu ya kwanza, Alfajiri hata Isha. Miaka ikapita, nazi zikaanguliwa na kuuzwa, na mayatima hawakuona hata senti. Na aliyeshuhudia mbele ya wazee kwamba mtu yule ni mwaminifu nilikuwa mimi. Waliniuliza, "Wamjua?" Nikajibu, "Namjua, twasali naye." Basi swali la kijana halikuwa la utovu wa adabu. Lilikuwa ni deni langu, na leo nalilipa mbele yenu nyote.

Tuanze na upande wa anayesema kwamba dini hukusanya tu. Mtu huyu ana haki yake, na tusimnyime. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu ni kama madini yaliyomo ardhini, na kwamba waliokuwa bora zama za ujahilia ndio walio bora katika Uislamu wakiifahamu dini. Bibi Khadija na Sayyidna Abubakar (R.A.) walijulikana Makka kwa ukarimu na ukweli kabla haijashuka aya hata moja. Kabla ya utume vilevile, wakubwa kadhaa wa Makka walikutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa, kwa sababu mfanyabiashara mgeni alikuwa amenyimwa malipo ya bidhaa zake. Mtume alihudhuria kiapo kile akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye jambo kama lile, angeliitika. Hakim bin Hizam naye aliwaacha huru watumwa mia moja kabla hajasilimu. Alipoingia katika Uislamu akauliza kama yale ya zamani yana thawabu, na Mtume akamjulisha kwamba ameingia pamoja na kheri yake iliyotangulia.

Kwa hivyo asemaye kwamba wema umo katika maumbile ya mwanadamu, na kwamba watu wenye moyo mzuri huivutikia dini njema, hajasema jambo geni. Wazee wetu wa elimu huliita jambo hilo fitra.

Kisha upo ushahidi mwingine, nao ni mchungu zaidi. Wanafiki wa Madina walisali nyuma ya Mtume mwenyewe. Waliisikia Qur'ani kwa sauti yake, si kwa sauti ya maalimu wa chuoni. Na juu ya hayo walijenga msikiti, ule uliotajwa katika Suratut Tawba, nao waliujenga kwa ajili ya madhara na kuwafarikisha waumini. Lau kuhudhuria peke yake kungelimgeuza mtu, nani angeligeuka kabla ya hao?

Tena tusiende mbali mpaka Madina. Tuitazame pwani yetu. Babu zetu walijenga misikiti mingi kila mji, na wengi walisali sala tano. Na baina ya sala na sala walinunua na kuuza watu. Dini imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ni ibada kubwa na kafara ya madhambi, lakini utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, haikuwa jamaa ya msikitini iliyosimama na kudai hivyo. Amri ilitoka kwa wenye mamlaka, na Waingereza nyuma yake wakisukuma. Hakim bin Hizam kabla ya kusilimu aliwaacha huru mia, na wapo katika sisi waliozaliwa ndani ya Uislamu wakafa bila ya kumwacha huru mmoja.

Hata baada ya minyororo kukatika, kibri kilibaki. Kule Lamu watu wenye asili ya utumwa walihesabiwa kuwa elimu si yao. Ndipo Habib Swaleh, Sayyid Swaleh bin Alawy Jamalilleil, mzaliwa wa Ngazija, akakaa nao akawasomesha, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ikasimama Riyadha, msikiti na chuo ambacho sifa zake zimeenea pwani nzima. Alifariki mwaka 1935, na kazi yake ingali hai. Zingatia hapa, ndugu msomaji. Kitabu kilikuwa kimoja na kibla kimoja. Wengine waliifanya dini ua la kukaa ndani yake na watu wa namna yao, na mmoja akaifanya mlango.

Huenda ukauliza, basi dini haina kazi? Hasha! Ina kazi, na kazi yake yaonekana.

Wapo wasemao kwamba tabia ni ngozi, haivuliwi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu watu hawa zamani. Alisema kwamba lau tabia haigeuki, mawaidha na nasaha zote zingelikuwa bure, na hali twamwona hata mnyama wa mwituni akifugwa akazoea. Akapiga mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, lakini ina uwezo wa kuwa mtende ikipata malezi. Wala haiwezi kuwa mtofaa hata ukaimwagilia maji umri wako wote. Maana yake ni kwamba dini haikuletei maumbile mapya. Yaichukua mbegu uliyozaliwa nayo ikailea. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa mkali kabla ya Uislamu, na mkali alibaki. Lakini ukali uliotoka na upanga kwenda kumwua Mtume ndio uliokuja kuwatisha madhalimu na kuwalinda wanyonge. Madini ni yaleyale. Yamekwenda kwa mhunzi.

Tazama pia habari ya ulevi. Waarabu walikuwa wakiupenda mno. Amri ya mwisho iliposhuka Madina, Anas bin Malik alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha. Mara mwenye kunadi akapita. Abu Talha akamwamuru Anas aimwage, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya mji. Marekani nayo iliharimisha ulevi kwa sheria ya nchi mwaka 1920, ikaweka askari na faini na jela, na mwaka 1933 ikaifuta sheria yenyewe, kwani watu walinywa kwa siri na wauzaji wakatajirika. Sisemi kwamba hakuna Muislamu mlevi, tunawajua. Nasema kwamba wale wa Madina hawakuwa watu wasiopenda pombe waliokusanyika mahali pamoja. Walikuwa wapenzi wake, na vikombe vilikuwa mikononi. Hapo dini haikukusanya walio sawa. Iliwageuza watu na nafsi zao.

Na hapa ndipo penye jibu nililompa kijana yule. Ukitaka kujua kama dini imemtengeneza mtu, usimlinganishe na jirani yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Aliyezaliwa mkarimu akitoa sadaka, tunamshukuru na thawabu yake iko kwa Mola wake, lakini hatujui bado dini imefanya nini ndani yake, kwa sababu mkono wake ungelikunjuka hata angelikuwa hasali. Mwangalie bakhili, ambaye kila shilingi humtoka kama jino, akipima zaka yake mwaka baada ya mwaka mpaka mkono ukazoea. Mwangalie mwenye hasira ameze neno lake mbele ya mkewe. Mwangalie mwenye nguvu amrudishie yatima haki yake na hakuna shahidi wala hati. Dini huonekana pale inapokwenda kinyume na matamanio ya mtu, naye akaifuata. Ikienda sambamba nayo, huwezi kujua ni ipi inayoongoza na ipi inayoongozwa.

Ami wa yule kijana alipenda kuamka mapema, alipenda kuheshimiwa, na alipenda kukaa mbele. Safu ya kwanza ilimpa vyote hivyo bila ya kumgharimu kitu. Mahali pamoja tu dini ilimwambia "toa" na nafsi ikamwambia "zuia", nako ni kwenye mali ya mayatima, na hapo ndipo alipoanguka. Siku zote zile dini ilikuwa haijamgusa.

Msomaji ataniambia, "Lakini sheikh, huenda mtu akageuzwa na haya ya watu, si na dini." Ni kweli hutokea, nami siidharau haya hiyo. Mtume (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, kwamba hukosi kwake japo harufu nzuri. Jamaa ni karakana. Kukusanyika na wema si kinyume cha kutengenezwa. Ni mwanzo wake. Lakini ubao haulainiki kwa kulazwa karibu na randa. Sharti ukubali kupitiwa, na vumbi lianguke.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar. Umar akamwuliza kama ni jirani yake, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake. Akasema siye. Akamwuliza kama amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, au kusafiri naye. Akasema hapana. Basi Umar akamwambia kwamba huenda alimwona msikitini tu akiinama na kuinuka. Hamjui mtu huyo. Habari hii nimeisomesha mara nyingi. Na siku niliyoulizwa mimi, nilisahau niliyoyasomesha, nikashuhudia kwa safu.

Nimerudi kwa wazee wale nikautengua ushahidi wangu, na shauri liko mbele ya Kadhi. Ami bado yuaja msikitini, nami sitaki afukuzwe, kwani mgonjwa hafukuzwi hospitali. Lakini mtu akiniuliza leo juu ya mwenziwe, humwambia akamwulize jirani yake, na mkewe, na hamali aliyembebea mzigo.

Na wewe, ndugu msomaji, usiyapeleke maneno haya kwa ami wa mtu mwingine. Ukikaa peke yako usiku, jiulize: ni kitu gani nilichokipenda kwa moyo wangu wote, nikakiacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu? Ni haki gani iliyokuwa nzito kwangu nikaitoa? Ukikipata hata kimoja, mshukuru Mola wako, kwani dini imeanza kazi yake kwako. Na usipokipata, usikate tamaa wala usiuache msikiti. Jua tu kwamba umefika karakanani na kazi haijaanza, na umri unapita. Mimi nilijiuliza nikiwa na mvi kichwani, na kitu cha kwanza nilichokipata ni kurudi kwa wazee na kusema, "Nilikosea."

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na nyinyi, na azirekebishe tabia zetu kabla hatujasimama mbele yake. Amin.